Kurithi Maradhi au Kurithi Wepesi wa Kudhurika?

Mnamo 1909, daktari Carlos Chagas wa Brazili alieleza ugonjwa ambao leo waitwa kwa jina lake. Vimelea vyake huenezwa hasa na wadudu wafyonzao damu, wajifichao katika nyufa za kuta za udongo. Takribani asilimia 30 ya wenye ugonjwa sugu hudhurika moyo, wengi hawadhuriki. Watafiti wanazichunguza jeni za kinga ya mwili, ijapokuwa hizo pekee hazitoshi kuieleza tofauti hiyo. Basi, ndugu msomaji, tujihadhari na lugha. Tukisema mgonjwa "amerithi maradhi", twaulaumu ukoo na kuusahau ufa ukutani. Naye huenda akaikatia tamaa tiba ifaayo mapema. Tuseme: "amerithi wepesi wa kudhurika".