Kuandika Mkataba wa Kazi ya Kujitegemea

Swali: Mwenye duka la nguo Manzese, Dar es Salaam, anataka fundi cherehani amshonee sare 60 za shule. Andika mkataba wao.

Mtahiniwa anaweza kuanza vizuri, majina na anuani za pande mbili, tarehe, kisha akaharibu kwa sentensi moja: “Fundi atafika dukani saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, atatumia cherehani ya duka na hatamshonea mtu mwingine.” Huyo ni mwajiriwa, hata kama kichwa cha mkataba kinamwita fundi wa kujitegemea. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 hutazama nani anapanga saa na namna ya kazi, vifaa ni vya nani, na kama mtu anamtumikia mmoja tu. Likiwapo hata jambo moja kati ya hayo, atahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenye duka atadaiwa likizo na notisi.

Andika hivi:

“Fundi atashona sare 60 kwa vipimo alivyopewa, kwa cherehani yake na kwa saa atakazopanga mwenyewe. Atazikabidhi tarehe 20 Desemba. Atalipwa sh. 5,000/= kwa kila sare: sh. 150,000/= kabla ya kuanza na sh. 150,000/= baada ya makabidhiano.”

Taja pia nani ananunua kitambaa, na nani anabeba hasara kikikatwa vibaya. (Hapa ndipo ugomvi mwingi wa mafundi huanzia.)

Mwisho weka saini za pande zote na mashahidi. Wanaosaini wawe wametimiza miaka 18.