Taa za Krismasi Zikivuruga Redio na Runinga: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Msimu wa sherehe, familia nyingi hutundika taa za rangi kwenye varanda, mti wa Krismasi na ua. Jioni ya kwanza zinapowashwa, huenda redio ikaanza kuvuma, au picha ya runinga ikakwama na kukatika vipandevipande. Mara nyingi lawama humwendea fundi wa antena au king'amuzi, ilhali chanzo kinaning'inia mlangoni.

Usivumilie kelele hizo kwa kuongeza sauti tu. Wakati mwingine ni usumbufu wa kawaida, na wakati mwingine ni dalili ya waya uliolegea, ambao unaweza kuwasha moto.

Kwa nini taa husumbua redio

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Adapta, au kile kisanduku kidogo kinachofanya taa zimetemete, huurekebisha umeme huo ili ufae taa za LED. Adapta nyingi hufanya hivyo kwa kuukata na kuuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutoa mawimbi kidogo ya redio. Adapta nzuri ina vichujio vya kuyazuia. Ile ya bei ya chini sana huenda haina, na waya mrefu wa taa hugeuka antena ya kuyasambaza. Redio ya AM huathirika zaidi kuliko ya FM.

Kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Kinachohitajika ni redio ndogo inayotumia betri.

1. Tafuta stesheni inayosumbuliwa, kisha chomoa taa zote kwenye soketi. Kelele ikikoma, taa ndizo chanzo.

2. Rudisha taa seti moja baada ya nyingine, ukisikiliza kila mara. Seti inayorudisha kelele ndiyo yenye shida.

3. Ipitishe redio karibu na waya wa seti hiyo bila kuugusa. Kelele ikizidi karibu na adapta, tatizo huenda ni adapta. Ikizidi mahali pamoja kwenye waya, kagua kiungo cha hapo baada ya kuchomoa taa.

4. Ikiwa kelele haikukoma taa zilipochomolewa, zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikiisha, chunguza chaja za simu, balbu na vifaa vingine, kimoja kimoja. Ikiendelea wakati nyumba haina umeme, inatoka nje: huenda ni kwa jirani au kwenye nyaya za barabarani.

Marekebisho rahisi

Sogeza waya wa taa mbali na antena na waya wake, angalau mita moja au mbili. Ikibidi zikutane, zivuke kama msalaba, zisiende sambamba. Kaza kichwa cha waya wa antena nyuma ya runinga, kwa kuwa kikilegea hupokea kelele kwa urahisi. Chomeka taa na redio kwenye soketi tofauti. Jaribu pia kuziacha taa ziwake bila kumetameta.

Mafundi wa vifaa vya elektroniki huwa na vipete vya feraiti, vinavyofanana na lile donge jeusi kwenye waya wa baadhi ya chaja za kompyuta. Kimoja kikibanwa kwenye waya karibu na adapta, hupunguza kelele. Hayo yote yakishindikana, badilisha adapta au taa. Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini (KEBS).

Kelele inayoashiria hatari

Mvumo wa mfululizo usiobadilika kwa kawaida ni wa adapta. Mkwaruzo unaokuja na kupotea, hasa waya unapotikisika kwa upepo, unaweza kuwa cheche kwenye kiungo kilicholegea. Zima taa mara moja ikiwa zinafifia na kuwaka zenyewe, soketi ni ya moto, au kuna harufu ya plastiki inayoungua.

Usikate na kuunga nyaya hizo kwa mkono. Katika baadhi ya taa, waya mwembamba hubeba volti 240 moja kwa moja. Usichomeke ekstenshoni juu ya ekstenshoni, wala usitumie nje taa zilizotengenezewa ndani, kwa sababu mvua huingia kwenye viungo. Kabla ya kulala au kuondoka nyumbani, zima taa zote.

Mahali pa kupata usaidizi

Kwa soketi au nyaya za ukutani, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Ukiona cheche kwenye nguzo au nyaya za barabarani, kaa mbali na uiarifu Kenya Power. Kelele ikitoka kwa jirani, zungumza naye kwanza na mjaribu pamoja kuzima taa zake moja moja. Huenda hata yeye redio yake inavuma. Usumbufu wa mawimbi usiopata suluhu unaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Eleza saa unapotokea, stesheni inayoathirika na hatua ulizokwisha kujaribu.