Deki ya DVD imetoweka kwenye kompyuta

SWALI: Nahariri video za harusi. Tangu niweke programu ya pili ya kuchoma DVD, deki haionekani tena kwenye Windows, ingawa taa yake inawaka. Imekufa?

JIBU: Haijafa, usikimbilie kununua nyingine. Programu nyingi za kuchoma diski, hata baadhi ya zile za kuhariri, hupachika draiva zao kati ya Windows na deki. Zikigombana, au ukiondoa moja ikaacha mabaki, Windows hushindwa kuiwasha deki. Fungua Device Manager: ukikuta alama ya njano na namba 19, 31, 32 au 39, mchawi ndiye huyo.

Fungua regedit, ingia HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class, kwenye folda inayoanza na {4D36E965. Toa nakala yake kwanza, tafadhali. Humo ukishafuta umefuta. Kisha futa UpperFilters na LowerFilters, uwashe kompyuta upya. UpperFilters.bak iache ilivyo.

Programu ya kuchoma ikigoma baada ya hapo, iweke upya, lakini iwe moja tu. Ile ya kuhariri ikutolee faili la MPEG-2 basi; uchomaji uufanyie kwingine.