Kuchagua Dansi kwa Wanaoanza: Somo Kutoka kwa Kontra

Mtu akija kucheza dansi mara ya kwanza kisha akapotea mbele ya watu, huenda asirudi tena. Kwa hivyo kazi ya kiongozi wa dansi huanza kabla ya muziki, katika kuchagua. Dansi ya kontra ya New England, Marekani, inaonyesha jambo hili wazi.

Katika kontra, wachezaji husimama wawili wawili katika mistari miwili inayotazamana, na kiongozi hutaja kila hatua. Muziki una mapigo 64, na hatua nyingi huchukua mapigo 8. Mapigo 64 yakiisha, kila jozi husogea na kukutana na jozi nyingine. Jozi iliyofika mwisho wa mstari husubiri mzunguko mmoja, kisha hurudi ikielekea upande wa pili. Hapo ndipo wanaoanza hukwama.

Ukumbi ukiwa na wanaoanza peke yao, kiongozi azingatie haya:

1. Aanze na dansi ambayo jozi moja tu huhama. Mfano ni Galopede: mistari husogea mbele na kurudi, wachezaji hubadilishana pande, huzungushana, kisha jozi ya kwanza hushuka katikati hadi mwisho. Wengine husogea nafasi moja tu.

2. Achague hatua chache za kutembea: kuzunguka kwa duara, kushikana mkono na kugeuzana, au kupitana mgongo kwa mgongo.

3. Kila hatua imwache mchezaji akitazama pale hatua ijayo inapoanzia.

4. Achague dansi inayomrudisha mchezaji kwa mwenzake mara kwa mara, ili aliyepotea apate wa kumshika mkono.

5. Maelezo yawe mafupi. Dansi ikihitaji kuelezwa mara tatu, aiweke kando achague nyingine.

Baada ya dansi mbili au tatu za namna hii, wachezaji wanaweza kujaribu kontra kamili, nayo iwe rahisi.

Mstari ukivurugika, kiongozi asiwalaumu wachezaji; aangalie kwanza dansi aliyowachagulia. Kipimo hicho kinawafaa pia viongozi wa vikundi wanaofundisha mwomboko au ngoma nyingine katika kumbi za kaunti: dansi nzuri kwa wanaoanza ni ile ambayo mtu anaweza kukosea, akacheka, na kuendelea kucheza.