Somo: Kufunga Pikipiki Ndani ya Lori

Ndugu wafanyakazi, katika barabara ya Malaba hadi Kampala tunasafirisha pikipiki nyingi kwa malori. Pikipiki moja huweza kuzidi kilo 100; ikiangukia utingo, humvunja mguu. Basi tujifunze kuifunga.

Kwanza, tufunge koki ya petroli. Tuisimamishe wima, tairi la mbele liguse ukuta wa bodi, tuingize gia ya kwanza.

Pili, mikanda miwili ishike chini ya usukani, kulia na kushoto, ikivuta chini na mbele. Tukaze sawasawa mpaka springi zibonyee nusu. Zikibonyezwa kabisa, sili za oili huharibika; zisipobonyea, mkanda hulegea kwenye mashimo na ndoano huchomoka.

Tatu, mikanda miwili ishike fremu nyuma, tairi lisiteleze kando.

Nne, tukague tena baada ya kilomita 20. Mtu asipande nyuma pamoja na mzigo.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi kazini. Basi mikanda aitoe yeye. Tusikubali kukatwa mshahara kwa sababu ya kamba kuukuu tulizopewa. Tudai mikanda kabla ya kupakia, tena tudai kwa pamoja.