Kilomita 21 za hisani: usikaze, punguza

SWALI: Daktari, ofisini kwetu tumejisajili mbio za hisani, kilomita 21, kuchangia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo. Nina miaka 41 na tangu nimalize shule sijawahi kukimbia. Zimebaki wiki kumi. Nimejiunga na klabu ya jogingi mtaani, tunakimbia kila Jumamosi kama kilomita 8. Sasa mwezi umepita, pumzi ninayo, lakini nikirudi nyumbani magoko yananiuma mpaka Jumanne. Wenzangu wanasema ni uvivu wa mwanzo, nikaze tu yatakwisha. Nikaze? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hongera kwa nia njema. Jibu langu ni hapana, usikaze. Maumivu hayo si uvivu, wala hayasemi kwamba mwili wako haufai kukimbia. Kwa maelezo yako, siku sita za wiki miguu yako inakaa chini ya meza ya ofisi, kisha siku ya saba inabebeshwa kilomita 8 kwa mwendo uliopangwa na watu wengine. Mkimbiaji mgeni haumizwi sana na wingi wa mazoezi kwa ujumla. Anaumizwa na siku moja aliyoruka mbali kupita alichokwisha kukizoea. Ukilielewa hilo, mipango yote ya wiki kumi zilizobaki itabadilika, pamoja na umbali wenyewe utakaokimbia siku ya tukio.

Umeandika kwamba pumzi unayo lakini magoko yanauma. Hayo ni mambo mawili yanayokwenda kwa kasi tofauti ndani ya mwili mmoja. Mtu akianza mazoezi, majimaji ya damu yake huongezeka ndani ya wiki mbili za mwanzo, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli inajifunza upesi kutumia hewa. Ndiyo maana ndani ya mwezi mmoja mtu anajisikia mpya. Mifupa na kano haziendi hivyo. Mfupa uliopata kazi mpya huanza kwa kujipunguza: chembe maalumu zinaula mfupa wa zamani kwa wiki kadhaa, halafu chembe nyingine zinaweka mfupa mpya na imara, kazi inayochukua miezi mitatu hivi au zaidi. Ni kama fundi anayebomoa plasta kuukuu kabla ya kupiga mpya. Katikati ya kazi ukuta uko wazi. Kano nazo zina damu kidogo, kwa hiyo hujengeka taratibu. Matokeo yake, kati ya wiki ya nne na ya nane pumzi inakuambia ongeza wakati ugoko bado uko kwenye matengenezo. Wanaoanza wengi huumia katika kipindi hicho, na wewe ndipo ulipo sasa.

Pengine umeshasikia kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki. Watu wanaibishia, na wana haki. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha jaribio la wakimbiaji wapya 532 waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za maili nne. Nusu walipewa mpango wa wiki 13 uliofuata kanuni hiyo, nusu mpango wa kawaida wa wiki 8. Walioumia walikuwa karibu mmoja kati ya watano katika makundi yote mawili. Kwa hiyo kuhesabu jumla ya wiki peke yake hakukuwakinga. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa wakimbiaji zaidi ya 5,000 waliofuatiliwa kwa saa zao za mkononi, nao unatusaidia kuona tulipokuwa tunakosea. Badala ya kutazama wiki, watafiti walilinganisha kila mbio na mbio ndefu kuliko zote ambazo mtu huyo alikimbia katika siku 30 zilizotangulia. Aliyezidisha umbali huo kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 30, hatari yake ya kuumia ilipanda kwa asilimia 64. Aliyeuzidisha zaidi ya mara mbili, hatari ilipanda zaidi ya mara mbili. Mabadiliko ya jumla kutoka wiki hadi wiki hayakuonyesha hatari ya namna hiyo. Ni kweli kwamba wengi wa wakimbiaji wale walikuwa wazoefu, lakini kwangu hiyo ni sababu ya mgeni kuwa mwangalifu zaidi, maana miguu yao ilikuwa na akiba ambayo yako haijaiweka.

Sasa tupige hesabu yako. Wiki mbili za kwanza acha kilomita 8 kabisa. Tembea kwa haraka nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki, ukichanganya vipande vya kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, alimradi ugoko hauumi. Wiki ya tatu, mbio yako ndefu iwe kilomita 5, bado ukichanganya na kutembea. Kuanzia hapo ongeza sehemu moja ya kumi kila wiki: 5.5, kisha 6, na kuendelea. Wiki ya tisa utakuwa karibu na kilomita 9, na wiki ya kumi, ambayo ndiyo ya tukio, hatua inayofuata inakukuta karibu kabisa na kilomita 10. Kufika 21 kwa ngazi hiyohiyo kungehitaji wiki kumi na tano au sita mfululizo bila kuugua, bila msiba, bila safari ya kikazi. Maisha hayako hivyo. Kwa haki ni miezi mitano. Ndiyo sababu ninakushauri, na ninalisema kwa uzito, uhamie kilomita 10 mwaka huu. Mbio zako nyingine mbili za katikati ya wiki ziwe fupi, kama nusu ya ile ndefu. Na mara mbili kwa wiki fanya jambo dogo ambalo watu wengi hulidharau: simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, shika ukuta, panda juu ya vidole, kisha shuka polepole mpaka uhisi vigimbi vinavutika. Mara kumi na mbili, pumzika, rudia mara mbili. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio 25 ya kuzuia majeraha ya michezo ulikuta kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha hadi chini ya theluthi moja. Kunyoosha viungo kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza, ambako kila klabu hukusisitiza, hakukuonyesha faida hiyo.

Wenzako watauliza, mbona wao wanakimbia hivyo hivyo na hawaumii? Baadhi wana miaka ya kukimbia nyuma yao, baadhi walicheza mpira hadi majuzi, na baadhi wanaumia wakanyamaza. Mwendo nao una lawama. Anayekimbia na kundi huvutwa na kundi. Hata wale tunaowatazama kwenye televisheni, kina Eliud Kipchoge na wenzake wa Kaptagat, hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki kwa mwendo wa taratibu mno, wakipiga soga, na kasi wanaiwekea siku zake. Kipimo chako kiwe maneno: kama huwezi kumaliza sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda kasi kupita inavyofaa siku hiyo. Usione aibu kutembea kwenye mlima.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la ahadi. Umewaambia ndugu na marafiki utakimbia 21, na wametoa fedha zao kwa ajili ya watoto. Mbio hizi zina maana ya kweli: CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imechangia matibabu ya watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na NBC Dodoma Marathon imeelekezwa kwenye vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Lakini fedha ndiyo inayolipia upasuaji, si kilomita. Na mchangishaji akiumia, gharama inarudi hospitali zilezile. Mwaka 1999 madaktari wa Tayside, Scotland, walichapisha hesabu ya miaka mitano ya watu walioruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege ili kuchangia hisani. Kila mrukaji alikusanya wastani wa pauni 30. Kila aliyeumia aligharimu huduma ya afya ya umma pauni 3,751. Kwa kila pauni moja iliyoingia kwenye hisani, pauni 13.75 zilitoka hospitali. Kukimbia hakuna hatari ya kiwango hicho, hata kidogo. Hata hivyo mfupa uliopata ufa unamaanisha wiki nyingi bila kazi kamili, picha za eksirei, na nauli za bajaji kwa sababu daladala haipandiki. Mchangiaji wako ukimweleza hivyo hatadai shilingi yake irudi.

Wengine watakutisha kuhusu moyo. Huko Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2010, watu milioni 10.9 walikimbia marathoni na nusu marathoni, na moyo ulisimama kwa watu 59 tu. Hatari ni ndogo, lakini si ya kupuuza. Kama una shinikizo la damu, kisukari au selimundu, kama uliwahi kuzimia ukiwa mazoezini, au kama kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana, pima kwanza ndipo uendelee. Joto la Dar es Salaam nalo ni mzigo: anza kabla jua halijachomoza, na kunywa maji kwa kiu yako, usijilazimishe. Katika wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka njiani.

Kwa magoko yako, leo jioni pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa mfupa kutoka chini ya goti hadi kifundo cha mguu. Maumivu yakiwa yametapakaa kwenye urefu wa kiganja na yanapungua ukipumzika, mpango niliouandika hapo juu unatosha. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, au yanakuamsha usiku, au unachechemea ukitembea, usikimbie hatua nyingine mpaka daktari akuone, na umwambie wazi kwamba unahofia ufa wa mfupa, kwa sababu eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi. Na wasiliana na waandaaji mapema wiki hii uwaombe wakuhamishie kwenye kilomita 10, kabla namba za kifuani hazijaanza kugawiwa.