Kihindi Ni Lugha ya Nani? Utangulizi kwa Anayetaka Kujifunza



Wapo wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda kusoma India, na kabla hawajafunga mizigo husikika wakiulizana: je, Muislamu ajifunze Kihindi, au ashike Kiurdu kwa kuwa ndicho lugha ya Waislamu? Kuhusu kujifunza lugha ya wengine hakuna mzozo. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, na Suratur-Rum, aya ya 22, inazitaja tofauti za lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah. Linalohitaji kuchunguzwa ni hiyo sehemu ya pili ya swali, kwamba lugha moja ina dini hii na nyingine ina dini ile.

Kwanza jina lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili chetu, Mhindi yeyote tunasema anazungumza Kihindi. Lakini familia nyingi za wenye maduka tuliowazoea katika miji yetu asili yao ni Gujarat na Kachi, na mafundi waliojenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 wengi wao walitoka Punjab. Hao kila mmoja ana lugha yake. Mabohora wanatumia Kigujarati chao kilichojaa maneno ya Kiarabu, na wanakiandika kwa herufi za Kiarabu. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22, na Kihindi ni moja kati ya hizo, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote: katika sensa ya 2011 watu wapatao milioni 528, yaani karibu asilimia 44 ya Wahindi wote, waliitaja kuwa lugha yao ya mama.

Neno "Hindi" si la Kihindi. Ni la Kiajemi. Mto ambao wenyeji waliuita Sindhu, Waajemi waliutamka kwa h, na nchi iliyo ng'ambo yake ikawa Hind. Usultani wa Delhi uliposimama mwaka 1206, watawala waliandika Kiajemi, lakini sokoni na kambini watu walizungumza lahaja ya Delhi na viunga vyake, iitwayo Khari Boli, mjukuu wa Kisanskriti. Lahaja hiyo ikameza maneno ya Kiajemi, na pamoja nayo maneno mengi ya Kiarabu. Amir Khusrau (1253–1325), mshairi Muislamu na mwanafunzi wa Sheikh Nizamuddin Auliya, alitunga kwa Kiajemi na pia kwa lugha hii ya watu, aliyoiita Hindavi. Malik Muhammad Jayasi, naye mtu wa tarika, alitunga Padmavat mwaka 1540 kwa lahaja ya Kiawadhi, na hakuna anayefundisha fasihi ya Kihindi leo akamruka. Neno "Urdu" ni la Kituruki, maana yake kambi ya jeshi, na lilikuja kuwa jina la lugha baadaye sana, katika karne ya 18.

Basi zilitenganaje? Mwaka 1800 Waingereza walifungua Chuo cha Fort William mjini Calcutta kuwafunza maofisa wao. Humo viliandikwa vitabu vya namna mbili: vya herufi za Kiarabu, na vya herufi za Devanagari ambavyo maneno ya Kiajemi yalipunguzwa kwa makusudi. Mwaka 1837 Kiajemi kikaondolewa mahakamani, na katika sehemu kubwa ya kaskazini Kiurdu kikashika nafasi yake. Hapo ndipo ugomvi ulipokolea, kwa sababu aliyejua herufi za mahakama ndiye aliyepata ukarani. Ulikuwa ugomvi wa mkate kabla haujawa ugomvi wa dini. Mwaka 1900 serikali ikaruhusu Devanagari katika mahakama za majimbo ya kaskazini-magharibi, Waislamu wengi wakalalamika. Nchi ikagawanyika mwaka 1947. Pakistan ikachukua Kiurdu, na tarehe 14 Septemba 1949 Bunge la Katiba la India likapitisha Kihindi kwa herufi za Devanagari kuwa lugha rasmi ya serikali kuu. Watamili wa kusini hawakukubali kulazimishwa, na mwaka 1965 maandamano yao yaliifanya serikali ibaki na Kiingereza pia.

Kwa maoni yangu, herufi ziligeuzwa bendera. Premchand, Mhindu na gwiji wa riwaya, alianza kuandika kwa Kiurdu kabla ya kuhamia Kihindi. Na tamthilia ya Mahabharat iliyooneshwa na televisheni ya India kuanzia 1988, kisa kitukufu cha Wahindu, mazungumzo yake yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, Muislamu.

Sasa tuingie darasani. Mzungumzaji wa Kiswahili hafiki mikono mitupu. Waqt ni wakati, duniya ni dunia, sawal ni swali, hisab ni hesabu, sabun ni sabuni, umr ni umri, safar ni safari. Nasi tumechukua gari, laki, bima, cheti na chapa kutoka lugha za India. Ila jihadhari: daftar ni ofisi, si daftari, fikr mara nyingi ni wasiwasi, garib ni maskini, na mahal si mahali bali ni kasri, kama Taj Mahal. Katika taarifa ya habari utasikia samay badala ya waqt na prashn badala ya sawal, maana huko hupendelewa maneno ya Kisanskriti. Mtaani na kwenye filamu utasikia yale unayoyajua.

Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Kila jina ni la kiume au la kike, hata kitu kisicho na uhai: mera ghar, nyumba yangu, lakini meri kitab, kitabu changu. Aliyekulia kwenye ngeli hatashangaa. Mwanamume husema main jata hun, naenda. Mwanamke husema main jati hun. Kwa mwalimu na mkubwa tumia aap, kwa rafiki tum. Tu ni ya mtu wa karibu mno, na ndiyo inayotumika pia kumwomba Mungu. Usithubutu kumwambia profesa.

Devanagari huandikwa kutoka kushoto, herufi zikining'inia kwenye mstari wa juu. Zile sauti za q, kh, gh, z na f zilizokuja na Kiarabu na Kiajemi zina herufi zilezile za kienyeji zilizowekewa kitone chini. Kitone hicho kinaitwa nukta.

Na neno la kulizoea mapema ni kal. Maana yake ni jana, na maana yake ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua: vah kal aya, alikuja jana, vah kal aayega, atakuja kesho.